Vishkwambi tunavyo, tuanze na kujua mtoto kakwama wapi

Jamani walimu wenzangu na wazazi, hili suala la watoto walioachwa nyuma darasani linaniuma sana. Nafundisha darasa la tano na kila Januari nakutana na watoto ambao ukiwapa aya moja tu ya Kiswahili, hiki hiki tunachoongea nyumbani, wanahangaika kuunganisha silabi mpaka machozi yanawalenga. Halafu silabasi inanidai niwafundishe kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mtoto hajui saba mara nane, hiyo asili ya pamoja ataipataje?

Ukitaja teknolojia wengi wanawaza chumba cha kompyuta na projekta, vitu ambavyo shule zetu zitavisubiri mpaka basi. Ila kuna jambo lilifanyika hapa hapa kwetu mkoani Tanga, yale mashindano ya Global Learning XPRIZE ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu mwenyewe, watoto karibu 3,000 wa vijijini walipewa vishkwambi, vikawa vinachajiwa kwa sola, na wengi wao shule walikuwa hawajaikanyaga kabisa. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kutumia programu za timu tano zilizofika fainali, idadi ya wasioweza ikashuka kwa nusu, na mwaka 2019 ushindi ukaenda kwa timu mbili, onebillion na Kitkit School. Mimi naamini siri ni kwamba programu zilikuwa kwa Kiswahili, zilimwanzia mtoto chini kabisa, na akikosea anarudia bila mtu kumfokea wala wenzake kumcheka. Lakini ile nusu iliyobaki nayo ni watoto, hao ndo wanamhitaji mwalimu.

Na walimu vishkwambi tunavyo, si vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 tukagawiwa? Changu nakitumia hivi, namuita mtoto mmoja mmoja pembeni, naweka dakika moja, anasoma, namrekodi sauti, nahesabu maneno aliyosoma sawasawa. Wenzetu Kenya kwenye mpango wa Tusome ulioanza 2015 waliwapa tableti maafisa wanaotembelea madarasa, wakifika wanamsikiliza mtoto akisoma halafu wanakaa na mwalimu kumshauri, na watoto wakapewa vitabu kila mtu na chake. Tableti haikwenda kwa mtoto kabisa, na bado ikamsaidia.

Nikishajua kila mmoja yuko wapi nawapanga kwa makundi, wa silabi peke yao, wa maneno peke yao, wa aya peke yao, hata kama wote wamevaa sare ya darasa la tano. Wa silabi nakaa nao mwenyewe, wale wengine wanapokezana kishkwambi na vitabu vya hadithi.

Kuna kijana alikuwa anakaa nyuma kabisa, haongei. Mwisho wa muhula nikamsikilizisha rekodi yake ya Januari halafu ya siku ile. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa kwanza ni mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba asikie tena.

Shida yangu kubwa ni muda, haya yote nayafanya baada ya vipindi watoto wakiwa na njaa na wengine wanatembea mbali kurudi kwao. Wakuu wa shule, nawaomba kwa heshima, tupeni nusu saa tu asubuhi kwenye ratiba, kila siku, watoto wakiwa bado wana nguvu.