Mlima Tai: nusu ya chini ndiyo ya kutembea

Kama miguu yako inaweza nusu tu ya Mlima Tai, mlima mtakatifu wa mkoa wa Shandong nchini China, ipe nusu ya chini. Ushauri wanaopewa wageni wengi ni kinyume chake: chukua basi Tianwai, kituo kilicho chini ya mlima, shuka Zhongtianmen katikati ya mlima, kisha malizia ngazi kwa miguu. Kilele cha mita 1,545 kinakuwa karibu, na zile picha za ngazi zilizosimama kama ukuta ziko huko juu. Mimi naupinga ushauri huo, na ndugu zetu wanaosoma Jinan, mji mkuu wa Shandong, ambako treni ya kwenda Tai'an, mji ulio chini ya mlima, ni mwendo mfupi tu, nawaomba wausikilize upande huu pia.

Njia ya kale inaanzia mjini, katika hekalu la Dai. Hapo ndipo wafalme walipomtolea heshima mungu wa mlima kabla ya kupanda. Ukitoka hekaluni unaelekea kaskazini moja kwa moja hadi Hongmen, Lango Jekundu, na ngazi zinaanza kati ya malango ya mawe. Moja linakumbuka kwamba Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, alipandia hapo. Mbele kidogo kuna hekalu la Doumu, Mama wa Nyota. Wahujaji waliingia mlimani hatua kwa hatua, mahali pamoja pakiwatayarisha kwa pengine. Basi linakurusha juu ya hayo yote.

Halafu kuna Jingshiyu. Watu wengi hawafiki kwa sababu ni lazima uiache njia kuu na kuingia kijibonde cha pembeni. Usipapite. Juu ya mwamba mpana uliolala kando ya kijito, mafundi wa karne ya 6, enzi ya Qi ya Kaskazini, walichonga Sutra ya Almasi, mojawapo ya maandiko makuu ya Wabuddha. Kila herufi ina upana wa karibu nusu mita. Maji na karne zimefuta nyingi, lakini zaidi ya 1,000 zimebaki. Andiko la Kibuddha, katika mlima ambao mahekalu yake makubwa ni ya Watao, wafuasi wa dini ya Kichina ya Tao, karibu na lango la Confucius, na hakuna aliyemfukuza mwenzake! Kwangu mimi hapo ndipo penye utakatifu wa Tai kuliko kileleni.

Ndiyo maana pia sipendi kupanda usiku, ingawa vijana wengi hufanya hivyo ili walikute jua likichomoza. Wanapita Jingshiyu gizani. Jua la asubuhi hulikosi ukilala juu. Nyumba za wageni zipo, na makoti mazito hukodishwa.

Ukifika Zhongtianmen umechoka, panda gari la waya hadi Nantianmen, lango lililo karibu na kilele, bila kuona haya. Nakiri utakosa misonobari ya Wudasong, ambako inasimuliwa kwamba Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, alijikinga mvua mwaka 219 K.K. na kuupa mti cheo. Utakosa pia Shibapan, ngazi zipatazo 1,600 za mwisho. Ni hasara, lakini hekalu la Bixia, mungu wa kike wa mlima, lililo karibu na kilele, hulikosi. Vigae vya ukumbi wake mkuu ni vya shaba, kwa sababu upepo wa kule juu hauvumiliki na vigae vya udongo. Wanawake humwendea Bixia Yuanjun kumwomba watoto na wajukuu. Ukiwakuta wanafukiza udi, wapishe wamalize ndipo utoe kamera. Juu kidogo kuna maandishi ya mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang, ya mwaka 726, yamechongwa kwenye jabali na kupakwa rangi ya dhahabu.

Kwa kushuka, njia ya Taohuayuan upande wa magharibi ina gari lake la waya, na magoti yatakushukuru. Haina mahekalu ya kulinganishwa na ya Hongmen, kwa hiyo itumie kurudia tu.