Sanduku la Bluu na Neno la Siri: Maktaba ya Tiba Imfuate Daktari Hadi Wapi?

Nikiwa mwaka wa kwanza niliazima kitabu cha anatomia kwa saa mbili, maana ndiyo ilikuwa sheria ya maktaba kwa vitabu vinavyogombewa. Nilitaka mishipa ya fahamu ya kwapa. Sura niliiona, picha sikuiona. Kurasa nne zilikuwa zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, na mtu ambaye hakuwa na haraka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wenzangu wanaosubiri kitabu hichohicho.

Wanaotaka maktaba za vyuo vya tiba ziache kununua vitabu vya karatasi, pesa yote iende kwenye huduma za mtandaoni, wana kisa kama hicho cha kuwasaidia. Faili halikatwi kwa wembe. Lakini hoja yao nzito ni nyingine: maarifa ya tiba yanazeeka upesi. Tanzania ilitibu malaria kwa klorokwini hadi 2001, ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumia dawa mseto. Kitabu kilichonunuliwa mwaka 2000 kilipitwa na wakati mara mbili ndani ya miaka sita, na kiliendelea kukaa rafuni na jalada lake zuri.

Upande huu una chombo cha kuonyesha. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na wachapishaji wakubwa sita, walifungua Hinari, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Ulianza na majarida yapatayo 1,500, leo ni maelfu. Tanzania imo kwenye kundi lisilolipa. Chuo kinajisajili, wanachuo wanapata neno la siri, na makala ambayo mtu wa nje angeilipia makumi ya dola inafunguka kwenye simu.

Wanaotetea rafu nao wasidharauliwe. Umeme hukatika, bando huisha, na macho ya mtu anayesoma usiku kucha hayapendi kioo cha simu. Zaidi ya hapo, kitabu ulichonunua ni chako, ilhali jarida la mtandaoni umeazimwa tu. Mapema 2011 wachapishaji kadhaa waliziondolea taasisi za Bangladesh majarida yao yaliyokuwa Hinari, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa imeanza kuwa soko. Kelele zilipigwa, wakayarudisha. Nakubaliana na hofu hiyo, na kwa masomo ya msingi niko upande wa karatasi: mfupa wa paja hautabadilika mwakani, kwa hiyo nakala kumi zaidi za anatomia si pesa iliyopotea.

Ila kwa mambo ya wodini siwezi kusimama nao, na mfano unaoniuma ni wa hapahapa Afrika Mashariki. Kati ya 2009 na 2011, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliingizwa kwenye utafiti ulioitwa FEAST, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo. Mafundisho ya wakati huo yalisema mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Matokeo yalipotoka Mei 2011 yalisema kinyume. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji hayo walikufa karibu 11 katika kila 100. Wasiopewa, walikufa 7.

Ungedhani somo hilo lingeingia vitabuni mwaka uleule. Kitabu cha mfukoni cha WHO cha kutibu watoto hospitalini, toleo la 2013, kiliendelea kuelekeza maji ya haraka kwa mtoto mwenye mshtuko, yaani ambaye damu yake haizunguki vya kutosha. Mwongozo uliorekebishwa ulitoka 2016. Na hapa ndipo naachana na watu wa mtandao pia, kwa sababu makala yenyewe ilikuwepo mtandaoni miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuichukua na kuiweka mbele ya daktari wa zamu. Mkutubi anayejua tiba, anayepeleka wodini kila wiki karatasi moja ya mambo yaliyobadilika, anafanya kazi ambayo neno la siri haliwezi kuifanya.

Kuna jambo pande zote mbili hazilitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 WHO ilianza kuzipelekea wilaya za Afrika sanduku la bati la rangi ya bluu, ndani yake vitabu zaidi ya mia vya tiba na afya ya jamii. Lilifika ambako mtandao haukufika, kisha vitabu vikazeekea humohumo. Hinari ni mpya kila siku, lakini haki ya kuitumia ni ya taasisi. Mwanafunzi anavua joho la mahafali, na muda si mrefu baadaye ndiye daktari pekee wa zamu kwenye hospitali ya wilaya, bila mlango ule aliouzoea. Mwenzangu aliwahi kuniandikia saa nane usiku: “Kaka, bado una neno la siri la chuo?” Sikuwa nalo.

Dawa ipo. Hinari inasajili hospitali pia, ya wilaya ikiwemo, si vyuo pekee. Maktaba ya chuo ingeweza kumfundisha kila anayehitimu namna ya kuisajili hospitali atakayopangiwa. Najua jibu la wakuu wa vyuo: bajeti ni ya wanachuo, wakutubi wenyewe wachache. Ni kweli. Lakini mafunzo hayo ni ya asubuhi moja tu. Chuo kikiwa na pesa ya kitu kimoja mwaka huu, naomba kiajiri mkutubi mmoja zaidi kabla ya kununua kompyuta mpya au rafu mpya, na siku yake ya kwanza kazini akabidhiwe orodha ya hospitali walikopangiwa wahitimu wa mwaka jana, aanze kuzipigia simu.