Nani Alinituma Kufungua Grupu la Mtaa

Ukiwa na adui na hutaki kumroga, maana waganga nao siku hizi bei wamepandisha, mpe uadmini wa grupu la mtaa. Atakonda mwenyewe bila dawa.

Sisi huku Tabata tulikuwa tunaishi zetu vizuri. Una neno na jirani, unampigia hodi, mnasemezana, mnanuniana wiki nzima, mnakuja kupatana msibani. Sasa wakazi wa mtaa huu wana tabia moja: kikao cha mjumbe hawaji, halafu maamuzi yakitoka wanalalamika hawakushirikishwa. Mtaro wetu umeziba. Masika ikipiga, maji yanaingia sebuleni bila hodi na yakitoka yanaondoka na ndala za watoto. Kila mtu anasema, "Jamani tukae tuongee." Tukae wapi? Kwa mjumbe viti havitoshi na kuna mbwa. Ndipo kijana wa bodaboda akatamka, "Si tufungue grupu la WhatsApp tu?" Watu wote wakanigeukia mimi. Sababu ni miwani. Mtaa huu ukivaa miwani unahesabiwa umesoma, na ukishahesabiwa umesoma unapewa kazi zote zisizo na posho.

Nikafungua. Jina, Mtaa Wetu Maendeleo. Picha nikaweka ya mtaro wenyewe, na ule mfuko mweusi ulionasa pale tangu enzi, ili mtu asisahau kilichotuleta. Nikapita nyumba kwa nyumba na daftari nakusanya namba, mwingine ananipa namba ya shemeji yake ili asisumbuliwe. Nikaandika ujumbe wa kwanza, Kiswahili sanifu kabisa: "Ndugu wakazi, karibuni. Hapa tutajadili mtaro, ulinzi na usafi. Naomba maoni."

Kimya.

Na kwenye grupu tiki hazigeuki bluu mpaka watu wote wawe wamesoma, sasa zangu zilikuwa bluu ya kukolea. Wamesoma wote mpaka wa mwisho, hakuna hata wa kukohoa. Watu wale wale waliokuwa wanalia hawana pa kusemea! Siku zikapita. Mara nikaona mmoja kaandika "Sawa". Nilifurahi nikavaa viatu nikamfuata kwake kumshukuru. Akaniambia ni mtoto alikuwa anachezea simu.

Mpwa wangu anasomea mambo ya kompyuta. Akaniambia, "Mjomba, usijiumize, dunia nzima ndivyo ilivyo." Eti kuna Mdenmaki anaitwa Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye makundi ya mtandaoni, katika watu 100, 90 wanasoma tu na kupita, tisa wanachangia wakijisikia, na mmoja ndiye anayeongea karibu kila kitu. Nikautazama mtaa wetu. Yule mmoja nikamtambua papo hapo, ni Mama Genge. Tatizo simu yake ilikuwa kwa fundi.

Mpwa akanipa na la pili. Wale vijana wa Marekani walioanzisha Reddit, mtandao wa watu kuposti na kujadiliana, mwaka 2005, Steve Huffman na Alexis Ohanian, walipofungua hakukuwa na mtu. Walichofanya? Wakajitungia majina ya uongo, wakawa wanaposti wenyewe, mgeni akichungulia aone pamechangamka. Nikasema kumbe! Mbona mimi nina laini ya pili, ile ninayonunulia bando la usiku? Nikaiingiza kwenye grupu kwa jina la Mkazi Mwenzenu. Mkazi Mwenzenu akauliza, "Hivi huu mtaro ni jukumu la nani?" Mimi kama admini nikajibu, "Swali zuri sana ndugu mkazi." Akaniuliza tena, nikamjibu tena, ikafika mahali tukapishana kauli. Mke wangu akaamka usiku akanikuta nina simu mbili, moja kila mkono, nimekasirika. Akachungulia. Akauliza swali moja tu: "Huyu Mkazi Mwenzenu ni mwanamke?"

Tuyaache hayo.

Grupu halikuchangamka kwa sababu ya mtaro wala kwa akili za vijana wa Marekani. Lilichangamka kwa sababu ya jogoo. Simu ya Mama Genge ilitoka kwa fundi asubuhi, saa sita mchana akatuma picha: jalala la nyumba yenye geti la kijani, manyoya mekundu yametapakaa, na juu yake mguu wa kuku umefungwa uzi wa bluu. Chini akaandika, "Naomba kuuliza tu, sina ugomvi na mtu." Wewe ukisikia mtu wa Dar anasema hana ugomvi na mtu, ingiza watoto ndani. Kuku wa Mama Genge wote wana uzi wa bluu mguuni, mtaa mzima unajua.

Weee! Watu ambao mtaro haukuwatoa hata herufi, nikaona juu pale wanaandika, wanaandika, wanaandika. Huyu kasikia jogoo analia usiku. Yule kanusa harufu ya mchuzi tangu juzi ila hakutaka kuonekana mmbeya. Yupo dada alihamia Muscat kikazi, mtaani hajakanyaga siku nyingi, naye akaomba picha ipigwe kwa karibu zaidi aone vizuri uzi. Linki ikasambaa, watu wakaanza kuingia kutoka Segerea, hawana mtaro wetu, hawana kuku wetu, wamekuja kusikiliza kesi. Zamani WhatsApp ilikuwa inakomea watu 256 kwenye grupu, ungesema basi pamejaa, kwaherini. Mwaka 2022 wakafungulia mpaka 1,024. Walifikiria nini wale watu? Wao wamewahi kukaa mtaa mmoja na watu 1,024?

Jioni mwenye geti la kijani akajibu bila neno hata moja. Akatuma picha ya muamala tu. Jogoo kamnunua, tena kwa bei nzuri, na jina la aliyepokea hela lilikuwa la mtoto wa kiume wa Mama Genge.

Lile grupu lilinyamaza mpaka nikadhani bando limekwisha.

Ila kuanzia hapo likawa limezaliwa, na mimi amani yangu ndiyo ikaisha. Alfajiri hujatawadha, maua na "asubuhi njema". Ukifuta, yanakuja maua mengine. Mchana viwanja Kigamboni, mafuta ya kuotesha nywele, mikopo isiyo na masharti. Kuna mzee wetu mmoja yeye ni habari za kutisha tu, "tuma kwa watu kumi kabla ya saa sita". Tangu mwaka 2020 ujumbe uliokwishazunguka sana huwezi kuufowadi ila kwenye gumzo moja moja, waliweka hivyo kupunguza uzushi. Mzee wetu haufowadi. Anaunakili kwenye daftari kwa kalamu, halafu anauandika upya kwa kidole kimoja, pamoja na makosa yake. Utamzuiaje mtu mwenye bidii hiyo?

Na hawa wa kutuma sauti. Wewe una jambo la maneno matatu, "Maji yametoka leo", unatuma sauti ya dakika nne. Nusu ya kwanza unapumua. Unamfokea mtoto ashuke juu ya kabati. Unasalimia watu wote kwa makabila yao. Nami ni admini, lazima nisikilize mpaka mwisho, huenda humo ndani kuna tusi.

Mpwa, ambaye nimeanza kumchukia, akasema kuna mwanasheria Mmarekani, Mike Godwin, alitunga sheria yake mwaka 1990: mjadala wa mtandaoni ukizidi kurefuka, lazima mwisho mtu atamfananisha mwenzake na Hitler. Nikacheka kwa uchungu. Wenzetu wana subira! Sisi mjadala haufiki hata huko, unaishia Simba na Yanga, tena mapema. Niliuliza kwa utaratibu kabisa: "Mtaro tuanze kuzibua juu au chini?" Mmoja akajibu, "Juu, tulipo sisi kwenye msimamo." Imeisha hiyo. Mtaro ukazikwa. Yanga imeanzishwa 1935, Simba 1936, zote zilikuwepo kabla hatujazaliwa na zitatuzika, lakini watu wanagombana kana kwamba wao ndio walinunua mpira wa kwanza. Fundi friji na jirani yake wa ukuta mmoja walirushiana maneno mpaka saa saba usiku, na mimi nawasikia wakicheka kila mmoja chumbani kwake.

Nikaamua kufunga grupu, nibaki naandika mimi admini tu. Saa nne usiku geti linagongwa. "Admini, fungua, nina dharura." Nimetoka na tochi na singlendi, moyo unanidunda, nikijua kuna mgonjwa. Dharura yenyewe ni kwamba kuna mtu mtoto wake amefaulu, naye anataka kuandika hongera kabla watu hawajalala.

Nikatunga masharti. Hakuna aliyesoma, ila kila mmoja ananikumbusha yakivunjwa na mwenzake. Mjumbe akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, taarifa za uongo ni kosa, kuwa makini. Niwe makini mimi! Mzee wa kalamu anaandika, mimi ndiye nisilale. Nimtoe? Huyo mzee ni mjomba wa mke wangu. Kumtoa kwenye grupu ni kubonyeza mara mbili, kisha ni vikao vya ukoo mpaka Krismasi.

Wapo wanaojitoa wenyewe. Zamani walikuwa wanaaga kwa hotuba ndefu, tunasikitika wote, tunabaki na faraja. Tangu 2022 mtu anaweza kuondoka kimyakimya, wengine wasitangaziwe isipokuwa maadmini. Yaani uchungu wote wa kuachwa nimebebeshwa mimi peke yangu. Na jioni anakuja mlangoni, "Nirudishe basi, nilibonyeza bahati mbaya."

Mama Genge yeye hakurudi. Baada ya lile la jogoo aliondoka, akafungua la kwake: Mtaa Wetu Halisi. Watu wakamiminika huko, na huku wamebaki pia, wanabeba maneno ya huku kupeleka kule kwa skrinshoti.

Kuhusu mtaro, tulikubaliana Jumamosi saa moja asubuhi. Dole gumba zilimiminika, na misuli, na makofi, mpaka simu ikapata moto. Jumamosi tulikuwa mimi, mjumbe, kijana wa bodaboda na koleo moja ambalo mpini wake unachomoka. Ule mfuko mweusi ulitoka kwa shida, ndani mna matofali mawili na kiatu. Maji yakaanza kutembea. Mama Genge akapita na beseni lake la nyanya, akasimama, akatupiga picha, akaenda zake bila salamu.

Mimi nitajuaje aliipeleka wapi? Laini ya pili imo kule. Mkazi Mwenzenu alipokelewa kwa mikono miwili, wanamwona ni mtu mpole. Picha yetu ilikuwa imewekwa, mgongo wangu mbele kabisa, na maneno: "Matunda ya grupu letu, tusonge mbele." Makofi yalikuwa mengi, hata mjumbe kapiga. Nikajizuia kuandika chochote.

Usiku huo Mama Genge akamtaja Mkazi Mwenzenu kwa jina mbele ya watu wote: "Ndugu, uko kimya sana humu. Hebu tuambie ukweli, yule admini wa lile grupu lingine, mwenye miwani, unamwonaje?" Nimeandika nikafuta. Nimeandika tena. Kule kwao inasomeka Mkazi Mwenzenu anaandika, wote wanasubiri, na mke wangu kaamka anataka kujua ni nani tena saa hizi.