Kidonge cha minyoo bila kipimo: hoja za pande mbili, tukiangalia Goma

Kila mara wahudumu wa afya wanapopita mitaani Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kutoka mtaa wa Birere hadi Ndosho, wakiwapa watoto vitamini A pamoja na kidonge cha minyoo, wazazi huuliza swali lile lile: kwa nini mtoto anayecheza vizuri, asiyelalamika tumbo, ameze dawa kabla hajapimwa choo? Swali hilo ni halali, na anayeliuliza anastahili jibu kamili, si kuambiwa tu kwamba ndivyo ilivyoagizwa.

Wanaotetea ugawaji huo wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wote wapewe dawa bila kupimwa, mara moja kwa mwaka pale ambapo angalau asilimia 20 ya watoto wana minyoo inayoenea kwa udongo, na mara mbili pale wanapozidi asilimia 50. Kupima choo cha kila mtoto kunahitaji darubini na fundi wa maabara, na gharama yake inazidi kwa mbali bei ya kidonge chenyewe. Tena dawa ni salama: albendazoli, ndicho kidonge chenyewe, humzuia mnyoo kufyonza sukari hadi afe kwa njaa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hubaki utumboni, dozi moja ya miligramu 400, au nusu yake kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili, mara nyingi huleta kichefuchefu au maumivu ya tumbo ya muda mfupi tu.

Upande wa pili haukatai usalama huo. Unauliza faida iko wapi. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya majaribio mengi ya tiba, ulikuta kwamba kuwapa dawa watoto wote wa eneo hakukuongeza kwa wastani uzito, damu wala ufaulu wa shuleni, ijapokuwa watoto waliopimwa na kukutwa na minyoo huenda walinufaika kwa kuongezeka uzito. Kinyume chake, utafiti wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer katika shule 75 za Busia, Kenya, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha utoro ukipungua kwa robo, na walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na kipato cha saa kikubwa kwa takriban asilimia 13. Wataalamu wamebishana vikali juu ya hesabu za Busia, na ubishi haujaisha.

Mimi naona neno "wastani" ndilo linalotupoteza. Minyoo haigawanyiki sawa: watoto wachache hubeba mingi mno, wengine hubeba michache au hawana kabisa. Mtoto ambaye utumbo wake umezibwa na fundo la mchango, yaani minyoo mirefu ya mviringo, akahitaji upasuaji, humezwa na hesabu ya wenzake mia walio wazima. Kwa ajili ya huyo nakubali kidonge kitolewe kwa wote, lakini nakataa kabisa mzazi aahidiwe kwamba mwanawe atakuwa wa kwanza darasani.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi liko chini ya miguu yetu. Kidonge huua minyoo iliyomo tumboni siku ile. Hakikingi ya kesho, na mchango jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, ambayo huweza kukaa udongoni miaka. Mtaa uliojengwa juu ya mawe ya volkano ya 2002 hauchimbiki kwa jembe: shimo la choo linapasuliwa kwa nyundo na mtaimbo, familia inachoka au fedha zinaisha, shimo linabaki fupi, linajaa upesi na kufurika mvua ikinyesha. Kipindupindu kimetufundisha kutia klorini katika bidoni, yaani madumu, za maji yanayotekwa Ziwa Kivu hapo Kituku, na ni desturi ya kushikilia, ila mayai ya mchango yana ganda gumu ambalo klorini ya kiasi hicho hailiwezi. Mama anayeosha lengalenga (mchicha) kwa maji hayo anapaswa kuambiwa kwamba mboga ipikwe vizuri, na matunda yamenywe.

Dawa nayo haina nguvu sawa kwa minyoo yote. Dozi moja ya albendazoli huponya karibu watu wote wenye mchango na wengi wenye safura, minyoo inayofyonza damu, lakini kwa wenye minyoo mjeledi, aina nyingine ya minyoo ya utumbo, huponya takriban watatu kati ya kumi tu. Mebendazoli, dawa nyingine ya minyoo, kwa dozi moja, ni dhaifu zaidi kwa safura.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asagiwe kidonge na kukorogewa maji, na anayelia asizibwe pua ili ameze, kwa maana anaweza kukabwa. Mjamzito asipewe katika miezi mitatu ya kwanza. Na kabla ya kuendelea kugawa mwaka baada ya mwaka, zipimwe choo za watoto wa shule chache za Karisimbi na chache za Goma, komuni mbili za mji huu, pamoja na wale wasiosoma, na matokeo yatangazwe kwa wazazi, ili ijulikane ni mnyoo gani uko mtaa gani, na wapi fedha za vidonge zingefaa kulipa wapasua mawe wa vyoo.