Seva na kompyuta ya mezani: tofauti haiko kwenye kasi

Katika ofisi nyingi ndogo, seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ni kompyuta ya mezani iliyosogezwa pembeni, ikaondolewa skrini na kuachwa iwake usiku na mchana. Wanaotetea utaratibu huo wana hoja nzito. Prosesa mpya ya kompyuta ya mezani, yaani kipande kinachofanya hesabu zake, mara nyingi humaliza kazi moja upesi kuliko ya seva, ambayo imeundwa kubeba kazi nyingi kwa pamoja. Seva kuukuu iliyotolewa kwenye kabati lake hupiga kelele za feni mchana kutwa na hula umeme mwingi. Mfumo endeshi wa Linux, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, haudai ada ya leseni kwenye mashine yoyote kati ya hizo mbili. Tena hutajwa Google, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijenga huduma yake ya utafutaji juu ya vipuri vya bei nafuu.

Hoja hizo zote ni za kasi na gharama, na hapo ndipo seva inapoeleweka visivyo. Kompyuta ya mezani ina mtu mbele yake: ikiganda anaona, anaizima na kuiwasha tena, na hasara ni yake peke yake. Seva haina wa kuitazama, na kosa lake humfikia kila anayeitegemea. Ndiyo maana hupewa vifaa viwili vya kuingiza umeme ili kimoja kikifa kingine kiendelee, diski zinazobadilishwa bila kuizima, na mfumo endeshi usiojiwasha upya saa sita mchana kwa sababu ya masasisho. Kwa kawaida seva haihitaji kadi ya picha.

Lakini kifaa ninachokiona kuwa muhimu kuliko vyote ni kile kisichoonekana kabisa, yaani kumbukumbu ya ECC, ile inayojisahihisha makosa wakati kompyuta inafanya kazi. Hiyo kwa kawaida huongeza biti 8 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1) za ulinzi kwa kila biti 64 za data, ikasahihisha biti moja iliyogeuka na kutoa taarifa zikigeuka mbili. Tuchukue chama cha akiba na mikopo ambacho programu yake huhifadhi fedha kama nambari kamili. Akiba ya shilingi 150,000 ikipoteza biti moja tu, ile yenye thamani ya 131,072, hubaki 18,928. Mashine haitaganda wala kulalamika. Nambari hiyo itaandikwa kwenye diski, itanakiliwa kwenye hifadhi ya usiku, na siku mwanachama atakapokuja kudai chake, nakala zote zitamkana.

Mwaka 2009, watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha vipimo walivyochukua kwenye seva za kampuni hiyo hiyo inayotolewa mfano. Kwa mwaka mmoja, takribani theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu, na zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya kumbukumbu viliathirika. Mtetezi wa upande wa pili atasema, na ni kweli, kwamba makosa mengi yalirundikana kwenye mashine chache mbovu. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa kuwa bila ECC hakuna anayekuhesabia makosa, na huna njia rahisi ya kujua kama mashine yako ni mojawapo ya hizo chache.

Sisemi kila ofisi inunue seva ya kabati. Kompyuta inayogawa faili na kupokea kazi za printa haihitaji zaidi ya diski mbili zinazonakiliana, UPS nzuri (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na nakala iliyowekwa nje ya jengo. Penye hesabu za fedha za watu au kumbukumbu za wagonjwa, kuna njia ya kati ambayo wauzaji huitaja mara chache: kompyuta za kazi nzito zilizotumika, zenye prosesa za Xeon (aina ya Intel ya seva na kazi nzito), ambazo wahandisi huchorea ramani za majengo. Kelele zake ni ndogo, hukaa mezani kama nyingine, na nyingi hukubali kumbukumbu ya ECC. Muulize muuzaji hilo kabla ya kuuliza kasi.