Kura 24: Hapo Ndipo Seneti Inapokwama

"Seneti ivunjwe." Maneno haya yamerudi tena Kenya, na safari hii wanaoyasema ni watu ninaowaheshimu, watu wanaojua tofauti ya hoja na mswada. Wanachoeleza ni kweli. Unafungua Orodha ya Shughuli ya Alhamisi na kukuta miswada ileile ya wiki jana na juzi, kila mmoja ukisubiri mgawanyiko, yaani kura ya kuita majina. Saa kumi na mbili unusu jioni kikao kinaahirishwa na hakuna hata mmoja uliopigiwa kura. Hasira hiyo naielewa. Ila dawa wanayoitaka inaua mgonjwa, na ugonjwa wenyewe una jina na namba: kura 24.

Akidi ya Seneti ni maseneta 15. Wakitimia 15, Spika anaketi, dua inasomwa, maombi ya wananchi yanawasilishwa, taarifa zinaombwa na mjadala unaendelea mpaka jioni. Tatizo linaanza mjadala ukiisha. Mswada unaohusu kaunti haupigiwi kura na maseneta 67. Unapigiwa na kaunti 47, kila kaunti kura moja, na Ibara ya 123 ya Katiba inataka uungwe mkono na zaidi ya nusu ya kaunti zote, zilizomo ukumbini na zisizokuwemo. Wakija 23 na wote 23 wakasema ndiyo, mswada umeanguka. Kaunti ambayo seneta wake hayupo, kwa hesabu hiyo, ni sawa na iliyokataa.

Na kizingiti hicho hakirukwi mara moja. Mswada unachapishwa, unasomwa mara ya kwanza bila mjadala, unakwenda kwa kamati, kamati inatangaza magazetini na kusikiliza maoni ya umma, kisha inarudisha ripoti. Kusomwa mara ya pili kunajadiliwa, halafu zinatakiwa 24. Unaingia Kamati ya Seneti Nzima, vifungu na marekebisho yake, zinatakiwa 24. Unasomwa mara ya tatu, 24 tena. Baada ya hapo ndipo mswada unapelekwa Bunge la Taifa, ambako safari inaanza upya.

Wapo wasiowahi kuona siku ya kura inavyokwenda, kwa hiyo watazame hili kwa karibu. Kengele inalia kwa dakika chache. Viranja wa vyama wanatoka mbio, simu masikioni, wakiwaita walio kwenye mkahawa na walio ofisini. Muda ukiisha milango inafungwa, aliye nje amebaki nje. Wahesabu kura wanateuliwa, mmoja wa upande wa ndiyo na mmoja wa upande wa la, majina yanaitwa, kila mmoja anajibu kwa niaba ya kaunti yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mara nyingi kengele yenyewe hailii. Mwenye mswada anamaliza kujibu hoja za wenzake, anageuka kuhesabu vichwa, anaona 17 au 19, na anamwomba Spika aahirishe kura hadi siku nyingine. Hawezi kulaumiwa. Kuupeleka mswada kwenye kura ukiwa na kaunti 19 ni kuuzika kwa mikono yako mwenyewe. Basi unarudi kwenye orodha, na wiki ijayo ni vilevile.

Kinachoniumiza zaidi ni maseneta wateule. Wako 20: wanawake 16, vijana wawili, na wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu. Wengi wao ndio wanaobaki ukumbini jioni, ndio wanaoandika miswada na kuitetea kifungu kwa kifungu. Kura ikifika, kura si yao. Kila seneta ni sehemu ya ujumbe wa kaunti aliyojiandikisha kupiga kura, na kiongozi wa ujumbe ni seneta aliyechaguliwa. Asipokuwepo yeye, mwingine wa ujumbe huo hupiga kura pale tu kiongozi anapomteua kufanya hivyo. Hajateua? Mteule ataketi pale, amesoma mswada wote, na kaunti yao itahesabiwa haipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 ilianza kama mswada wa Seneta mteule Crystal Asige mwaka 2023. Kila hatua yake ya kura ilitegemea viongozi wa ujumbe kuwepo vitini au kumwachia mtu kura. Mswada wa namna hiyo haupaswi kusubiri seneta arudi kutoka mazishini.

Zipo kaunti zisizo na mteule hata mmoja. Huko seneta akikosa, hakuna wa kumwachia, na hilo nalikubali. Nakubali pia kwamba seneta wa Mandera au Turkana hawezi kutumikia watu wake akiwa Nairobi wiki nzima, na kwamba kamati zinakula muda mwingi. Kamati ya Hesabu za Umma za Kaunti peke yake inapitia ripoti za Mkaguzi Mkuu kwa kaunti zote 47, gavana mmoja baada ya mwingine akiwa na maafisa wake wa fedha na mafaili yake, na gavana akiitwa asije, kazi yote inapangwa upya. Lakini Seneti yote inakaa vikao vinne tu vya kawaida kwa wiki: Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, Alhamisi alasiri. Jumatano asubuhi mawaziri wanakuja kujibu maswali. Seneta aliyekosa kura za wiki nzima hajakosa muda. Amepanga vibaya.

Nasema hivyo kwa sababu tumewaona wakija. Ikifika siku ya kumbandua gavana, ukumbi unajaa. Usiku wa 17 Oktoba 2024, walipomwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa mashtaka 5 kati ya 11, walibaki mpaka usiku wakipiga kura shtaka kwa shtaka. Kiti kile kile kinachokuwa kitupu Alhamisi ya mswada wa afya au wa kilimo kilikuwa na mtu.

Na thamani ya kura moja ya kaunti tuliiona mwaka 2020. Fomula ya tatu ya kugawa fedha za kaunti ilipelekwa na kurudishwa wiki baada ya wiki, kwa sababu kila upande ulikuwa unahesabu ujumbe hadi wa mwisho. Asubuhi ya 17 Agosti polisi waliwakamata maseneta wa Bomet, Samburu na Kakamega, na siku hiyo fomula haikupita. Ilipita 17 Septemba: idadi ya watu asilimia 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa eneo 8, barabara 8, miji 5, na asilimia 20 inayogawanywa sawasawa. Asilimia hizo ndizo zilizoamua zahanati ya Lamu itapata nini. Aliyekuwa kitini siku ile aliitetea kaunti yake kwa kura moja.

Kwa hiyo wanaotaka Seneti ivunjwe waniambie nani atasimama upande wa kaunti fedha zikibanwa. Mwaka 2024 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe Sh380 bilioni, Seneti ikang'ang'ania Sh400.1 bilioni, Kamati ya Upatanisho ya mabunge hayo mawili ikafika Sh387.4 bilioni. Mvutano ule ulichelewesha fedha, na kaunti ziliumia. Bila Seneti zingebaki na 380. Tuliwahi kuivunja pia. Seneti ya uhuru, yenye wanachama 41, ilianza 1963 na kumezwa na bunge moja mwaka 1966, na katika miaka ileile nguvu za mikoa zilifutwa.

La kufanya halihitaji kura ya maamuzi. Kura zote za wiki ziwekwe Jumatano alasiri, saa moja inayojulikana, mara tu baada ya taarifa, wala zisingoje mwisho wa orodha watu walipokwisha kuondoka. Spika ana mamlaka ya kupanga upya shughuli za siku, na huyatumia. Taarifa zinastahili muda wake, maana ndiko mwananchi anakosikika kuhusu daraja lililobomoka au wauguzi wasiolipwa, lakini zisile saa ya kura. Kiongozi wa ujumbe mwenye mteule katika kaunti yake aache barua ya kudumu kwa Spika mwanzoni mwa mwaka: nisipokuwepo, huyu atapiga kura. Barua moja, mwaka mzima. Sioni kinachozuia hilo ila hofu ya kumpa mtu wa chama kingine kura, na hofu hiyo si sababu ya kuinyamazisha kaunti.

Jingine, fupi: Ibara ya 120 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, na maseneta wa Pwani huchangia kwa Kiswahili fasaha kinachochapishwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala, kama kilivyosemwa. Orodha ya Shughuli na miswada yenyewe inatoka kwa Kiingereza. Mwananchi wa Kinango anayetaka kujua mswada umekwama wapi anafungiwa mlango kabla ya kengele.

Kwa anayeweza kuisoma, Hansadi iko wazi kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta siku yenye mgawanyiko, shuka hadi kwenye orodha ya majina: waliosema ndiyo, waliosema la, na wasioegemea upande wowote, kila jina na kaunti yake. Zihesabu. Kaunti isiyoonekana popote katika orodha hizo tatu ndiyo iliyokosa, na seneta wake ndiye wa kuulizwa alikuwa wapi.