Sinthi hupimwa ikiwa tupu

Kila anayeanza kutengeneza muziki wa elektroniki kwa kompyuta huuliza sinthi gani ndiyo bora (sinthi ni chombo kinachounda sauti kwa umeme au kwa programu), na kila aliyemtangulia humjibu kwa kutaja aliyoinunua yeye. Naona swali lenyewe limekaa upande. Sinthi nyingi za kompyuta zilizopo leo zinatosha kabisa kwa kazi tunazofanya. Kasoro iko kwenye namna tunavyozichagua. Tunapakua toleo la majaribio, tunapitia priseti, yaani sauti zilizokwisha kupangwa, moja baada ya nyingine, tunashika noti tatu nne kwa pamoja, chumba kinajaa mwangwi, tunapagawa, kadi ya benki inatoka. Hapo sinthi yenyewe hatujaisikia bado. Tumesikia kazi ya fundi aliyelipwa kutengeneza priseti, na juu yake efekti za rivabu, dilei na korasi (mwangwi, marudio na unene wa sauti) zilizomwagwa bila huruma.

Mimi huipima ikiwa tupu. Karibu kila plagini, yaani programu inayofunguliwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki, ina priseti isiyo na kitu, ambayo mara nyingi huitwa Init. Ifungue hiyo, zima efekti zote, acha oskileta (sehemu inayozalisha mlio) moja tu yenye wimbi la msumeno, yaani lenye umbo la meno ya msumeno. Shika noti ya chini kabisa unayoweza kuitumia kwa besi, kisha funga filta, yaani kichujio kinachokata sauti za juu, polepole kutoka juu hadi chini. Sikiliza kama sauti inafunga kwa ulaini au inashuka kwa ngazi, kama redio ya zamani inayotafuta stesheni. Rudia tena ukiwa umepandisha rezonansi, yaani mkazo wa sauti pale filta inapokatia. Filta ya Minimoog, sinthi ya mashine ya mwaka 1970, kwa mfano, huipunguza besi rezonansi inapopanda. Ndiyo tabia yake, na plagini inayoiiga kwa uaminifu hufanya vivyo hivyo. Nyingine hubaki nene, nyingine hupiga filimbi mapema mno, nyingine huanza kukwaruza kwa namna inayopendeza. Dakika chache za jaribio hili zinakueleza tabia ya chombo kuliko mamia ya priseti, kwa sababu filta ndiyo utakayoishi nayo katika kila wimbo.

Jaribio la pili ni la noti za juu, na ndilo linaloziumbua plagini nyingi za zamani. Kompyuta inayofanya kazi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba sauti iliyo juu ya nusu ya hapo, hezi (mitetemo kwa sekunde) 22,050. Wimbi la msumeno, kwa upande wake, lina harmoniki, yaani sauti za juu zilizo vizidishio vya noti, zisizokwisha: noti ya hezi 2,000 inazaa 4,000, 6,000, 8,000, na kuendelea. Ya kumi na moja, yaani 22,000, inapita kwa kubanwabanwa. Zinazofuata hazina pa kwenda. Aliyeandika programu asipozizuia, hugeuka na kurudi chini: ile ya 30,000 inaangukia hezi 14,100 (44,100 kutoa 30,000), mahali ambapo haina undugu wowote na noti yako. Mafundi huiita aliasingi. Huhitaji kifaa cha kuipimia. Pandisha noti taratibu kwa gurudumu la kukunjia sauti; ukisikia vifilimbi vyembamba vikishuka wakati noti yenyewe inapanda, umeshaiona. Kuna wanaoitaka makusudi, hasa wanaopenda sauti chafu za michezo ya kompyuta ya zamani, na hao sigombani nao. Lakini ijulikane umeitaka wewe, haikukujia kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo naangalia mkono. Nataka LFO, oskileta ya kasi ndogo inayotikisa sehemu nyingine, iisukume filta: nabofya mara ngapi kufika huko? Katika sinthi za kompyuta za Serum na Vital unaivuta LFO kwa mausi unaidondosha juu ya nobu (kitufe cha kuzungusha) ya filta, basi, na nobu yenyewe inakuonyesha inavyocheza. Zipo sinthi zenye sauti ya kifalme ambazo jambo hilohilo linakupeleka ukurasa wa tatu, menyu ndani ya menyu, maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo. Ukifika, wazo limeshakuponyoka. Wenzangu wengi hulidharau jambo hili wakisema la muhimu ni sauti. Sikubaliani nao. Sauti ambayo mkono hauifikii haitaingia kwenye wimbo wako. Utabaki unazungusha nobu mbili zilizo usoni na kuacha nyingine zote kama zilivyotoka kiwandani.

Hapa nina kinyongo kidogo na plagini zinazochorwa kama mashine za mbao, zikiwa na skrubu, vumbi na taa za njano. Picha ya skrubu haiongezi joto kwenye besi. Ikiwa uchoraji huo unaficha umbo la wimbi na njia ya sauti kutoka oskileta hadi filta, basi umemnyima mwanafunzi jambo moja la maana ambalo kompyuta inalo na mashine ya mwaka 1970 haikuwa nalo: kuona. Serum ilipotoka mwaka 2014 ilikuonyesha umbo la wimbi likibadilika mbele ya macho yako, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya kwa nini ilishika kila mahali.

Wanaodhani hawawezi kuanza mpaka wawe na sinthi yenye kila kitu waikumbuke TB-303, mashine ya besi ya kampuni ya Roland. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikikusudiwa kumsindikiza mwanamuziki asiye na mpiga besi. Haikuuzika, na mwaka 1984 ilikuwa imesitishwa. Oskileta moja, mawimbi mawili ya kuchagua, filta moja, nobu za kuhesabika. Vijana wa Chicago walizipata mitumba kwa bei ya kutupwa, wakaanza kuizungusha filta wakati mstari wa besi unaendelea kujirudia, na acid house, aina ya muziki wa dansi, ikazaliwa. Hakuna aliyekuwa akitafuta priseti. Mashine haikuwa nazo.

Basi unahitaji ngapi? Moja, mpaka uijue. Ya pili iruhusiwe pale unapoweza kuitaja sauti unayoitaka na kueleza kwa nini ya kwanza haiwezi kuitoa, na hiyo ya pili iwe ya ukoo mwingine. Watu hukosea sana hapa. Sinthi ya kawaida huanza na wimbi lenye harmoniki nyingi, kisha filta inachonga. Zile za jedwali la mawimbi, ambazo Wolfgang Palm alizianzisha kwa vyombo vyake vya PPG mwishoni mwa miaka ya 1970, hukuwezesha kutembea kutoka wimbi moja hadi jingine ndani ya noti ileile, na ndiyo maana besi zinazonguruma na kutamka kama mdomo hutoka huko. Massive, Serum ya kwanza na Vital zote ni za ukoo huu. Kuzikusanya zote tatu ni kununua jembe lilelile mara tatu.

FM, yaani kuunda sauti kwa oskileta moja kuitikisa nyingine, ni dunia nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuwa ya pili. John Chowning aliigundua katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, Yamaha wakachukua leseni, na mwaka 1983 wakatoa sinthi ya DX7: oskileta sita, mipangilio 32 ya kuziunganisha, karibu hakuna nobu za kuzungusha. Wengi waliogopa kuigusa wakabaki na sauti za kiwandani, na ile sauti yake ya kinanda cha umeme ikasikika kila kona ya muongo ule. Leo iko Dexed, plagini ya bure inayoiiga DX7 na kusoma faili zake za sauti. Usiogope mipangilio 32. Chukua oskileta mbili tu. Ya kwanza ndiyo unayoisikia, ipe uwiano 1 (kasi yake ikilinganishwa na noti). Ya pili inaitikisa ya kwanza kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba sikio halisikii mtikisiko, linasikia rangi mpya. Ipe hiyo ya pili uwiano 14 na uifanye ififie upesi: umepata ule mlio wa chuma mwanzoni mwa kinanda cha umeme. Ishushe hadi 3.5 na uiache ififie taratibu: umepata kengele, kwa sababu uwiano usio kamili huzaa harmoniki zisizopangana na noti. Hakuna filta hata moja iliyoguswa. Jaribu kuitoa kengele hiyo kwa msumeno na filta, uone utakavyohangaika.

Kuhusu bure na kulipia sina maneno mengi. Surge XT, Vital na Dexed zinapatikana bila malipo, na ukiwa nazo hizo tatu, usiseme chombo ndicho kinachokukwamisha. Toleo la bure la Vital lina injini ileile ya toleo la kulipia. Wanaolipa huongezewa zaidi priseti na mawimbi. Ninachokubali kulipia ni tabia ya sauti ambayo nimeijaribu ikiwa tupu na sikuipata kwingine.

Diva, sinthi ya kampuni ya u-he, ni mfano mzuri wa tabia hiyo, na ni mfano mzuri pia wa gharama isiyoandikwa kwenye lebo, yaani uzito kwa prosesa. Ina viwango vya ubora vinavyoanzia rasimu hadi kile walichokiita kitukufu, na huko juu kompyuta ya kawaida inahema. Wenye busara hutunga wakiwa chini na kupandisha wakati wa kutoa wimbo. Lakini hata sinthi nyepesi unaweza kuigeuza mzigo mwenyewe. Hesabu: oskileta mbili, kila moja umeipa unisono (nakala zinazolia pamoja) ya sauti saba, unashika noti nne. Hizo ni oskileta 56 zinazokokotolewa kwa wakati mmoja, kabla ya filta na rivabu, na kabla hujazihesabu noti zilizotangulia ambazo bado mikia yao inafifia. Kisha sauti inaanza kukatika, unapandisha bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) kutoka sampuli 128 hadi 1,024, na ucheleweshaji unaruka kutoka milisekunde 3 hivi hadi 23. Kwa kuchora noti kwa mausi haina neno. Kwa anayepiga kwa vidole, kinanda kinaanza kumjibu kama simu yenye mtandao mbovu. Kwa hiyo jaribu plagini kwenye kompyuta uliyonayo, ndani ya wimbo wenye traki nyingi ulizokwisha kuzitengeneza. Ikiwa peke yake kwenye wimbo mtupu, kila plagini ni nyepesi.

Jambo ambalo nadhani halizungumzwi inavyostahili ni maisha ya plagini. Wimbo uliouhifadhi leo utafunguka baada ya miaka kumi? Apple walipotoa macOS Catalina mwaka 2019 waliondoa kabisa programu za biti 32, na plagini nyingi ambazo waliozitengeneza walikuwa wameshaziacha zikanyamaza siku mtu aliposasisha mfumo. Mwaka 2018 kampuni ya Steinberg waliacha kutoa leseni mpya za VST2, muundo wa plagini ambao dunia nzima ilikuwa imeuegemea. Kwa hiyo kabla ya kufunga moyo kwa sinthi naangalia kama ipo katika VST3, mrithi wa VST2, au CLAP, muundo ulio huru uliotolewa mwaka 2022 na Bitwig pamoja na u-he. Naangalia lini ilisasishwa mara ya mwisho. Naangalia pia mwenye kampuni anawatendeaje wateja wake wa zamani: Serum 2 ilipotoka mwaka 2025, waliokuwa na ile ya kwanza waliipata bila kulipa tena, na jambo la namna hiyo hunifanya niamini.

Za kulipia kwa mwezi nazikwepa. Siku utakayoshindwa kulipa, haupotezi chombo tu, unapoteza na uwezo wa kuzifungua nyimbo zako mwenyewe. Upande wa pili kuna Surge. Ilianza kama bidhaa ya kuuzwa ya Vember Audio, mwaka 2018 mwenyewe akaiachia huru pamoja na msimbo wake, na watu wa kujitolea wakaikuza hadi kuwa Surge XT, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Hata wote waliopo sasa wakichoka kesho, msimbo uko wazi kwa atakayeuchukua. Ndiyo maana nikilazimika kubaki na sinthi moja nitabaki na hiyo, ingawa sauti za Vital hunivutia haraka zaidi na uso wa Surge haujawahi kumshtua mtu kwa uzuri.

Hata hivyo, plagini yoyote inaweza kufa, ya bure na ya kulipia. Ukimaliza wimbo, toa kila traki kuwa faili la sauti la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, mara moja pamoja na efekti na mara moja bila efekti. Hifadhi na MIDI yake (faili la noti ulizopiga) kando. Kwenye jina la folda andika kasi ya wimbo na ufunguo wake, maana hayo ndiyo ya kwanza kusahaulika.